Tunapasha Gitaa Moto Mume Wangu Akiwa Kazini

Shangazi, shikamoo. Naomba unisome mpaka mwisho hata nikizungukazunguka, kwa sababu jambo lenyewe nikilisema kwa ufupi utaniona mtu wa ajabu, utasema huyu mwanamke mzima, ana nyumba, ana kazi, anasumbuliwa na gitaa, na kweli ni gitaa, lakini si gitaa tu.

Mimi ni mke wa mtu. Kazi yangu ni kufunga nyama kwenye chumba cha baridi cha kampuni moja hapa mjini, tunaingia alfajiri na makoti mazito na glavu, tunapanga vipande kwenye trei, tunafunga nailoni, tunabandika lebo, na mchana tukitoka mikono imekufa ganzi hata kufungua kifungo cha koti lazima usaidiwe na mwenzako. Mume wangu ni fundi bomba, anatoka asubuhi na mkoba wake wa spana, anarudi jioni. Ni mtu mtaratibu, hana makelele, na tumeishi vizuri. Mwaka jana mama yake alifanyiwa upasuaji wa goti, na kwa kuwa alikuwa anakaa peke yake ghorofani, ngazi zikawa zimemshinda, tukamleta kwetu.

Mama mkwe wangu ni mrefu, mkavu, maisha yake yote ya kazi alikuwa dobi wa hoteli, akipiga pasi mashuka, na mpaka leo akiona shati limejikunja ni kama anaumwa jino. Miezi ya mwanzo tuliongea mambo ya chumvi na maji ya kuoga tu. Mimi nilimwogopa, na yeye nadhani aliniona mlegevu. Alikuja na sanduku la nguo na kasha refu jeusi. Mume wangu alipoliona lile kasha uso ulimbadilika. Hakugomba. Alilibeba akalipeleka stoo, akalilaza kwenye sakafu ya saruji nyuma ya mabomba yake, akasema, "Hili likae huku." Mama yake akamwangalia, akajibu, "Sawa, baba," basi.

Jioni nilimuuliza kulikoni. Akanieleza kwa kifupi kwamba mama yake alikuwa mpiga gitaa kwenye bendi ya dansi, kwamba kila mwisho wa juma alimwacha kwa jirani akaondoka na lile kasha, na kwamba wenzake shuleni walimtania kwa maneno ambayo hataki kuyarudia. "Sitaki kulisikia ndani ya nyumba yangu," akasema. Mimi nikaona ana haki yake.

Sasa siku moja mitambo ya baridi iliharibika kazini, tukarudishwa nyumbani asubuhi asubuhi. Nafungua mlango, nasikia maji yakimiminwa chumbani kwa mama. Nilivua viatu nikavishika mkononi, nikapita ukumbini kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe, nikasimama kwenye mlango wa chumba cha mama, haukuwa umefungwa vizuri. Kasha lilikuwa wazi juu ya kitanda na gitaa lilikuwa bado ndani yake, limelala, halijaguswa. Mama alikuwa amekaa kwenye stuli, mikono ndani ya beseni la maji yanayofuka, macho amefumba. Aliitoa, akaikausha kwa taulo kidole kimoja kimoja, hata katikati ya vidole, kama anavyokaushwa mtoto mchanga. Akazungusha mabega. Akavuta pumzi, akaitoa. Ndipo akalichukua gitaa, akalikumbatia tu tumboni bila kulipiga, mgongo wa gitaa kwenye tumbo lake, kiganja kimefunika lile tundu, akakaa hivyo mpaka nikafikiri amesinzia.

Halafu akaanza kwa dole gumba peke yake, uzi mnene, mara moja, akasubiri mlio uishe. Akakaza kidogo kule kichwani, akaupiga tena. Akafanya hivyo nyuzi zote. Akaja mkono wa kushoto, kidole cha shahada, cha kati, cha pete, cha mwisho, kila kimoja kwenye chumba chake shingoni mwa gitaa, kimoja kikishuka ndipo mwenzake anyanyuke, polepole mno, sauti ndogo kama mtu anayehesabu watoto waliolala. Shangazi, mimi muziki siujui. Naujua wa redio na wa harusi. Lakini nilisikia ile mbao ikibadilika. Mwanzo ilikuwa na sauti ya kisanduku, sauti ya stoo, na kadiri alivyokwenda ikawa inafunguka, ikawa na kina, mpaka mlio wa uzi mnene nikausikia miguuni kupitia sakafu. Na yeye mwenyewe alibadilika. Yule mama anayeburuza goti alikaa wima, shingo ikalainika, mikono ile yenye mafundo ikawa inatembea kama haina mifupa. Nilisimama pale sijui muda gani. Mwili mzima ulinisisimka, na hakuwa amepiga wimbo wowote.

Hakugeuka. Akasema, "Ingia au toka, mwanangu, lakini usisimame hapo, unaniletea upepo."

Niliingia. Nikamsalimia, akaitika, akanyoosha mkono nimpe wangu, na nilipompa akaurudisha haraka kama ameungua. "Mikono hii umeitoa wapi, mochwari?"

Nikamwambia nimetoka kwenye nyama. Akacheka. Mara ya kwanza namsikia anacheka. Akaishika mikono yangu yote miwili akaizamisha kwenye beseni lake, akaikanda ndani ya maji, kiganja, kifundo, kidole, huku akisema, "Wewe umetoka kwenye barafu, na huyu ametoka kwenye saruji. Hamfai kukutana hivyo hivyo. Mtaumizana."

Ndivyo ilivyoanza. Kila nikitoka kazini nakuta maji yapo tayari, mimi nakwenda stoo nalitoa kasha, tunalifungua, tunaliacha lizoee chumba, na tunapasha mikono. Kwa miezi alinifundisha kupasha moto tu, hakunionyesha hata wimbo mmoja. Mabega, pumzi, viganja, kukaza nyuzi, dole gumba, vidole kwa zamu. Nilipoharakisha alinipiga kidogo kwenye kiwiko. Nilipomuuliza, "Mama, nyimbo lini?" akanijibu, "Wewe ukiamshwa kwa kofi, utaimba?" Siku nyingine anapiga yeye na mimi nasikiliza, na nakuapia, Shangazi, kila siku nashangaa upya. Vidole ni vile vile, nyuzi ni zile zile, lakini kuna wakati mahali fulani katikati kile kitu kinaamka, huwezi kusema ni dakika ipi, na chumba kinakuwa kikubwa kuliko kilivyo. Kazini sasa nikiwa nafunga trei vidole vyangu vinacheza ndani ya glavu, msimamizi ameniuliza kama nina kifafa.

Baadaye alinipa kodi za gitaa, yaani kubonyeza nyuzi kadhaa kwa pamoja zilie mlio mmoja, akanipa nyimbo mbili tatu za zamani, na nazipiga, si vizuri, lakini nazipiga. Kabla mume wangu hajarudi tunafuta gitaa, tunalirudisha nyuma ya mabomba.

Hapo ndipo ninapoumia. Mwezi uliopita mume wangu alinishika mkono tukiwa mezani, akasugua ncha za vidole vyangu, akasema, "Vimekuwa vigumu hivi." Nikamwambia ni nyama, ni baridi, ni kazi. Akasikitika. Kesho yake akaniletea mafuta ya kupaka. Nayapaka kila siku, na kila nikiyapaka roho inanisuta.

Na wiki iliyopita akaja mzee mmoja getini, amevaa koti zuri limechakaa, akauliza, "Dobi yupo?" Kumbe ni mpiga tarumbeta wa ile bendi yao, na Dobi ndilo jina walilomwita mama. Ukumbi waliokuwa wakipiga unabomolewa, waliobaki wa bendi wanataka wakutane Jumamosi moja alasiri wapige kidogo, wauage. Mama akamwonyesha mikono yake. Ana baridi yabisi, Shangazi. Daktari amemwambia vidole vya kushoto vitakuwa vinagoma. Kuna siku anaweza kupasha moto tu na hapo hapo panaishia. Akamwambia yule mzee, "Nitakuja, lakini nakuja na mkwe wangu. Mkono wangu ukikataa, yeye anaendelea."

Nilikuwa nimeshika sinia la chai, nikaliweka chini.

Mzee alipoondoka nikamwambia, "Mama, mwanao je?" Akasema, "Mwanangu namjua. Usimwambie." Basi. Na Jumamosi inakuja. Nikimwambia mume wangu, nimemgeuka mama ambaye amenipa kitu ambacho hakuna mtu amewahi kunipa. Nisipomwambia, ataona mkewe na mama yake tumemlia njama ndani ya nyumba yake. Na nikimwachia mama aende peke yake, mkono ukigoma mbele ya watu nitajiona nimemwangusha mimi. Nifanye nini? Silali vizuri, nyama zenyewe nabandika lebo vibaya.

Ni mimi, Mwenye Vidole Vigumu.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nimekusoma mpaka mwisho, na mahali pa beseni nimeparudia.

Nianze kwa kukugombeza ili tumalize. Barua yako ni ndefu, na mumeo amepata sehemu ndogo sana ndani yake. Gitaa umelieleza mpaka nami nimeusikia mlio wake, lakini mumeo ni "mtu mtaratibu" na mkoba wa spana. Huyo mtaratibu alikuletea mafuta ya vidole. Mtu aliyegundua ncha za vidole vyako zimebadilika anakutazama kuliko unavyomtazama wewe. Ulipomdanganya ulikuwa unajilinda mwenyewe, usimsingizie mama. Huo uongo ni wako, na wewe ndiye wa kuuondoa, leo jioni, kabla hajavua viatu ukipenda.

Lakini sikiliza vizuri mpaka wa jambo lako unaishia wapi. Cha kwako ni kimoja, kwamba unajifunza gitaa na ulimficha. Mambo ya bendi, ya kuachwa kwa jirani, ya maneno ya shuleni, hayo ni ya mama na mwanawe. Usiyachukue uyabebe wewe ukajifanya mpatanishi. Wakwe wengi wameharibikiwa hapo. Kwa hiyo kwanza nenda kwa mama, kaa chini, mwambie kwa heshima zote kwamba leo unamwambia mumeo habari za vidole vyako. Usimwombe ruhusa. Unamwarifu. Atanuna. Mwache anune. Mwanamke aliyesimama na gitaa mbele ya ukumbi mzima enzi zile hatakufa kwa kununa.

Sasa kuna kitu umekiandika bila kukiona, nami kimenishika. Mumeo anamjua mama yake akiondoka na kasha na akirudi na kasha. Umewahi kumuuliza kama amewahi kumsikia akipiga? Mtoto wa kulazwa kwa jirani hakupelekwa ukumbini. Na nyumbani, nahisi, mama alikuwa hapigi. Mimi naona huyu bwana ana hasira ya miaka na kitu ambacho masikio yake hayajawahi kukutana nacho. Nikikosea, utanisamehe. Nikipatia, basi usimpeleke Jumamosi ukumbini kumshtukiza mbele ya watu. Ukumbi ule ndio uliomnyang'anya mama. Asikie nyumbani kwake, mchana, watu watatu tu, na asisikie nyimbo. Asikie kile ulichokisikia wewe na viatu mkononi. Wewe hukushikwa na wimbo, mwanangu. Ulishikwa na mtu anayejiandaa kwa upole. Mpe naye nafasi hiyo hiyo.

Akikataa kukaa, usimfuate, usilie, usimkumbushe mafuta. Jumamosi nenda na mama. Mumeo mwarifu mnakokwenda na saa mtakayorudi. Mtu ana haki ya kuchukia gitaa, hana haki ya kumzuia mama mwenye baridi yabisi asiwaage wenzake.

Na wewe, ukitoka kwenye baridi usirukie nyuzi kabla damu haijarudi vidoleni. Maji yawe ya uvuguvugu, yakikuunguza yamezidi. Kasha litoke stoo leo leo, likae juu ya kabati la chumbani, mbao haikai kwenye saruji. Mama akisema mkono unauma, mnaacha hapo hapo, hakuna kusema "kidogo tu." Na msimamizi wako mwambie ukweli, ili aache kukutafutia dawa.

* * *

Jibu hili nilimpelekea mwenye barua kwanza, maana Jumamosi yake ilikuwa imekaribia kuliko gazeti. Haya ndiyo aliyoniandikia baadaye, naye ameridhia yasomwe.

Shangazi, shikamoo tena. Jumamosi ilipita salama. Mama alipiga nyimbo mbili nzima na kipande cha tatu, mkono ukagoma, akanitazama, nikaendelea, nikakosea, yule mzee wa tarumbeta akanifunika, watu wakacheza. Nimeyaandika haya ili usiwe na wasiwasi, lakini siyo ninayotaka kukuambia.

Nilifanya ulivyosema. Mama alinuna kweli, chai yake akajipikia mwenyewe. Mume wangu nilimwambia jioni hiyo hiyo, nikamwonyesha vidole, nikasema si nyama. Hakupandisha sauti. Aliuliza, "Nani anakufundisha?" nami nikamwambia, "Unamjua." Alitoka nje akaenda kufungua na kufunga bomba la uani ambalo halikuwa na shida yoyote. Aliporudi nikamuuliza swali lako. Akasema, "Sikumbuki. Hapana. Sijawahi."

Siku mbili baadaye alirudi mchana, na nguo za kazi, na matope ya mtaro magotini. Sikuwa nimemwita. Tulikuwa chumbani, kasha liko wazi, mama anapasha mikono. Alisimama pale pale mlangoni niliposimama mimi. Mama alimwona, na hakumwambia aingie wala atoke. Alikausha vidole, akalikumbatia gitaa, akasubiri, akaanza na uzi mnene. Ilikuwa siku mbaya ya mkono wake, kidole cha pete kilikuwa kinachelewa, lakini alikwenda hivyo hivyo, polepole, akikingojea, na ikafika pale katikati ninapokuambia siku zote, chumba kikafunguka. Nilimwangalia mume wangu. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili na mdomo umeachama kidogo.

Alipomaliza mume wangu akauliza, "Huu ni wimbo gani?"

Mama akasema, "Si wimbo. Napasha tu."

"Ulikuwa unafanya hivi kila siku?"

"Kila mara kabla ya kupiga."

"Wapi?"

"Chumba cha nyuma, kule ukumbini. Kulikuwa na benchi na jiko la mkaa la kupashia maji."

"Mbona hukunichukua nikakaa kwenye benchi?"

"Hukuniomba."

"Mama, nilikuwa na miaka sita."

Shangazi, mama mkwe wangu ana jibu la kila kitu. Ana jibu la daktari, ana jibu la muuza mboga, ana jibu hata la mtu ambaye hajamuuliza. Safari hii aliangalia mikono yake. Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye taulo hadi sakafuni.

Kisha akajisogeza kwenye stuli, akavuta kitambaa kilichokuwa kitandani akakitandika chini karibu na miguu yake, akakinyoosha kwa kiganja mpaka mikunjo yote ikaisha.

"Kaa," akamwambia.

Mume wangu akaketi pale chini na matope yake, magoti yamekunjwa, mgongo umeegemea kitanda. Mama akatumbukiza tena mikono kwenye beseni. Akaikausha. Akazungusha mabega. Akalikumbatia gitaa kama vile halijapigwa siku hiyo, akaanza upya kutoka uzi wa kwanza.